Ukumbi wa Jumatano

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya. Kikao cha walimu. Mkuu wa shule ametangaza kwamba ukumbi ni mmoja na vyama vya Kiingereza ni viwili: cha mdahalo, ambacho mlezi wake ni mimi, na cha maigizo, cha yule kijana aliyeajiriwa juzijuzi na tayari ana funguo za kila kabati. Jumatano ijayo Mkuu atakuja kutusikiliza, kisha aamue nani abaki na ukumbi. Chama cha atakayekosa kinafungwa, na mlezi wake anahamishiwa usafi wa vyoo. Bwana Maigizo akatabasamu. Ana meno mengi kuliko anavyohitaji.

Nimekula bila hamu. Mke wangu ameuliza nani amekufa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata dawa. Mada yetu: mdahalo una faida kwa mwanafunzi kuliko maigizo. Ataunga mkono Cherehani, binti wa kidato cha tatu ambaye akianza Kiingereza hakati uzi. Atapinga Mzee Kimya, mvulana wa darasa hilohilo ambaye tangu ajiunge na chama hajawahi kusimama kuzungumza. Huja, hukaa dirishani, husikiliza, huondoka. Mechi imekwisha kabla ya filimbi.

Tatizo ni utaratibu wetu wenyewe. Mzungumzaji hachagui upande. Anaokota karatasi moja kati ya mbili, na upande ulioandikwa humo ndio atakaoutetea, apende asipende. Mkuu anaupenda utaratibu huo kuliko anavyonipenda mimi. Basi, karatasi zitaokotwa. Lakini nani alisema zisiwe na alama?

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika karatasi zote mbili. Ile ya kuunga mkono nimeikunja kona. Nimemnong'oneza Cherehani kwamba aokote kwanza, na achukue yenye kona iliyokunjwa. Ameuliza kama huo si udanganyifu. Nimemwambia ni mbinu. Amesema sawa, mwalimu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza babu yake.

Bwana Maigizo ameniomba chaki. Nimempa kipande ambacho hata kuku asingekidonoa.

Jumanne, 10 Juni

Wanafunzi wa maigizo wamefanya mazoezi nje ya dirisha langu nikifundisha. Mmoja alikuwa anakufa. Alikufa kipindi kizima, na darasa langu lote likageuza shingo dirishani. Nikafunga madirisha. Tukaiva kwa joto.

Karatasi nimeshaziweka kwenye mfuko wa shati jeupe nisije nikazisahau. Shati nimempa mke wangu alipige pasi.

Hapa naweza kusema ukweli: naogopa. Nyumbani sijawahi kumaliza sentensi. Ofisini kila mtu ana lake. Jumatano mchana, ndani ya ukumbi ule, ndipo pekee watu wanaponisikiliza. Wakininyang'anya hapo, sijui nitabaki mwalimu wa nini.

Jumatano, 11 Juni

Mungu mkubwa. Niandike kwa mpangilio.

Maigizo walitangulia. Watu wakacheka, wakalia. Mkuu naye akacheka, jambo baya sana. Ikaja zamu yetu. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa karatasi. Zimenyooka! Zote mbili zimekunjwa katikati kwa ustadi, zimelingana kama mapacha. Kona hakuna. Cherehani akazitazama, akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akaokota.

Kupinga.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni.

Sijawahi kusikia Kiingereza kitamu namna ile. Binti alitetea maigizo hoja baada ya hoja, kila moja kwa mtindo niliomfundisha mwenyewe, hadi ule mkono wa kushoto mgongoni. Alisema mdahalo unawafundisha watu kushindana, maigizo yanawafundisha kuelewana. Hata mimi nilikaribia kupiga makofi. Nilijiona nimeshika fagio.

Kisha Mzee Kimya. Alisimama, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Nikafumba macho. Halafu akasema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba alipokuja shule hii hakuweza kuzungumza mbele ya watu hata kwa lugha ya mama yake. Kwamba katika chama hiki hakuna aliyemcheka wala kumharakisha. Kwamba sasa anazungumza. Akashukuru, akakaa.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema chama kilichompa sauti kijana huyu, na kilichomwacha binti yule akipinge waziwazi, hakifungwi. Jumatano ni ya mdahalo. Maigizo wapewe Ijumaa. Vyoo vitatafutiwa mtu mwingine.

Bwana Maigizo alinikumbatia. Akaninong'oneza kwamba tangu kikao kile kila akilala anaota vyoo. Maskini, kumbe ni mtu.

Nyumbani nimemuuliza mke wangu habari za karatasi. Amesema alizikuta zimekunjamana, moja hadi kona, akazipiga pasi na kuzikunja upya, maana mume wake hawezi kutoa takataka mfukoni mbele ya Mkuu. Nimekula sahani mbili. Nimepumua mpaka vidole vya miguu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewaeleza walimu kwamba yote yale yalipangwa, na aliyeyapanga ni mimi. Hakuna aliyeniacha nimalize. Haidhuru.

Mwezi ujao tunashindana na shule jirani, hapahapa ukumbini. Karatasi mpya nimeshaziandaa. Kosa langu nimeligundua: lilikuwa ile kona. Safari hii moja nimeitoboa kwa sindano, kwa sababu pasi haizibi tundu. Nimezificha mfuko wa nyuma wa suruali ya kahawia, ambako hakuna wa kuzigusa.

Mke wangu anaita kutoka uani. Ana ndoo na sabuni, anauliza kama suruali ya kahawia nayo ni ya kufua. Nimemwambia aifue tu, imejaa vumbi la chaki.