Mtathmini wa Kwanza Hana Adabu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mhariri mkuu mpya wa jarida letu la isimu ameketi leo kitini. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alinivutia kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake, kisha akasoma sera mpya, na chai yangu ikapoa.

Kuanzia leo makala zote zitasomwa bila jina la mwandishi. Hata yeye mhariri hatalijua. Kompyuta ndiyo itakayochagua watathmini kwa kutazama nani ana ujuzi wa nini, nao watapewa wiki moja tu. Mimi kwa wiki moja huwa bado nasoma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo. Ahadi za mhariri aliyepita zimefutwa. Wazee wa bodi tutaagwa toleo hili likishatoka.

Ahadi iliyofutwa ni yangu. Makala yangu juu ya vionyeshi, yaani maneno kama hiki, hicho na kile, ndiyo kazi ya umri wangu, na ilikwisha kuahidiwa kurasa za mwanzo za toleo hili. Nikiagwa kabla haijatoka, haitatoka tena.

Bwana Toni, mwenzangu wa bodi tunayemwita hivyo kwa kuwa hana habari nyingine duniani isipokuwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika maneno, aliipigia makofi sera. Peke yake.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa mhariri kumkumbusha, kwa upole, haki za mwalimu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba haki haitazami sura ya mtu? Ni kweli nilifundisha hivyo. Sikuwa na maana ya sura yangu.

Nyumbani mke wangu akauliza kwa nini nisiipeleke tu kama watu wengine. Nikamweleza kwamba watu wengine hawakuahidiwa. Akasema haya, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, tarehe 5

Baada ya sala ya alfajiri nimejaliwa busara. Wengine wangeiita hila, lakini nia yangu ni safi.

Nikituma kwa anwani yangu, Bwana Toni atanusa. Basi nimetumia anwani ya mkwe wangu, mume wa binti yangu, fundi wa majokofu. Sera inakataza anwani ya mtu mwingine, lakini mkwe ni mwana, na mwana si mtu mwingine. Yeye alisita. Akauliza, baba, wakinipigia simu kuniuliza hivyo vionyeshi niseme nini? Nikamwambia aseme yuko juu ya paa.

Ukurasa wa kutuma makala una nafasi ya kutaja wataalamu wasioruhusiwa kukusoma kwa sababu ya uadui. Nikashukuru. Nikamwandika Bwana Toni. Nikamwandika yule aliyelala katika mhadhara wangu, na yule ambaye hakulala bali aliuliza maswali. Mmoja akanikumbusha mwingine. Nilipomaliza, wote niwajuao kuwa wanajua chochote juu ya vionyeshi walikuwa nje ya mlango. Makala itasomwa na mtu asiyejua kitu, na watu wa namna hiyo huwa wapole.

Ijumaa, tarehe 7

Nimerudi kutoka msikitini nikakuta ujumbe wa jarida. Naombwa kutathmini makala. Ni juu ya vionyeshi. Kufika mstari wa tatu nilimjua mwandishi.

Nimekaa kitako. Kompyuta imetafuta mjuzi wa vionyeshi asiye adui wa mwandishi, ikanikuta mimi.

Nikikataa, sera yataka nieleze sababu mbele ya bodi. Sababu yangu inatengeneza majokofu. Nikapekua kitabu kimoja juu ya adabu za hakimu: asimhukumie mzazi wake, wala mwanawe, wala mkewe. Juu ya nafsi yake sikuona neno katika ukurasa ule. Sikufungua ukurasa wa pili.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeanza tathmini kwa nia ya kusifu. Lakini mhariri ananijua. Sijapata kusifu makala ya mtu. Ikabidi nitie kosa moja, kwa ajili ya sura tu. Nikaliona kosa. Nikaliona la pili bila kulitafuta. Kumbe mwandishi anajirudia. Mfano uleule anauleta tena na tena, na kila mara anajipongeza kama ndiyo kwanza ameugundua. Kalamu ikashika moto. Nikaandika: "Mwandishi huyu anaandika kama mtu ambaye nyumbani kwake hakatizwi kauli." Hapo mke wangu akaniita mara ya nne, kwamba chakula kimepoa na yeye si mpishi wa hoteli.

Hata hivyo nilimaliza kwa huruma: irekebishwe, kisha ichapishwe. Njia iko wazi.

Jumanne, tarehe 11

Mkwe amekuja na simu mkononi. Baba, tumetukanwa.

Tathmini zimemfikia. Mtathmini wa pili amesifu kila kitu na kuomba radhi kwamba si fani yake. Ya kwanza nilikuwa naijua neno kwa neno. Lakini kuyaandika maneno yale ni kitu kimoja, kuandikiwa ni kingine. Mkwe alikuwa amefura. Akasema huyu wa kwanza hana adabu, huyu hakulelewa, hivi mtu mzima kama wewe unaambiwa unapiga domo? Kadiri alivyonitetea ndivyo nilivyozidi kuona ameonewa mtu.

Nilikuwa nimekusudia kushukuru na kurekebisha. Nikaandika badala yake kwamba mtathmini wa kwanza ama ni hasidi ama ni mgonjwa. Mkwe akataka tuandike vyote viwili. Tukaandika vyote viwili.

Alhamisi, tarehe 13

Mhariri ameniita ofisini, akanipa majibu ya mwandishi. Nikayasoma. Sijapata kuona ujeuri wa namna ile. Hasidi, mimi, niliyempa Jumamosi nzima na chakula changu kikapoa?

Akasema, mwalimu, nakuachia wewe. Apewe nafasi nyingine, au tumkatae?

Neno moja tu lilitakiwa. Nikafungua kinywa niseme apewe. Wakati huohuo Bwana Toni, aliyekuwa pembeni akitafuta stepla, akadakia kwamba jamani, huenda ni mzee wa watu kaudhika tu, mchapisheni yaishe. Bwana Toni anamtetea. Tangu tuwe bodi moja sijapata kukubaliana na Bwana Toni, na sikuona sababu ya kuanza leo. Nikasema kwa sauti ya utulivu kwamba anayemtukana mtathmini hana nafasi katika jarida hili.

Mhariri akabonyeza kitufe. Ikakataliwa.

Niliaga kwa heshima. Nilipofika ngazini ndipo nilipokumbuka makala ilikuwa ya nani.

Jumatatu, tarehe 17

Kikao cha bodi. Mhariri amesoma tathmini yangu kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kuwa mfano wa haki isiyotazama sura. Wamepiga makofi. Bwana Toni akanong'ona kwamba maskini mwandishi, atakuwa amelia. Nikamwambia huenda.

Kisha mhariri akaniomba nisiondoke na wazee wenzangu. Nibaki muhula mwingine niwafundishe watathmini vijana uadilifu. Nimekubali, kwa manufaa ya umma.

Nimefikiri sana njiani. Kosa lote lilikuwa anwani. Barua ya fundi wa majokofu haina uzito mbele ya wasomi. Jioni hii nimeituma upya makala kwa anwani ya mke wangu, ambaye bado hajaarifiwa. Sikubadilisha hata nukta. Yule mtathmini hakujua alisemalo.