Vifunguo Vipya vya Gitaa la Kiwanda

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nyuzi zimelegea tena, katikati ya wimbo! Gitaa langu la solo ni lile lile la bendi ya kiwanda cha pamba. Kiwanda kimefungwa, bendi imekufa, tumebaki mimi na Jonathan wa rizimu, gitaa la kusindikiza, na gitaa lake ni pacha wa langu. Mama Gladness, mwenye baa tunapopiga hapa Mirongo, kasema Jumamosi sauti ikiyumba tena, ananunua kinanda cha Dubai na sisi twende tukalime. Jonathan kanishauri nitie mafuta ya cherehani kwenye vile vifunguo vya kukazia nyuzi, nikaze na skrubu zake. Mafuta! Soko huria limekuja, mtu bado anawaza mafuta.

Jumanne, 6 Juni
Nimepata vifunguo vipya kutoka ng'ambo. Vinang'aa! Jonathan kasema, ngosha, ndugu yangu, hivi ni vya gitaa lenye vyote sita upande mmoja. Letu lina vitatu huku, vitatu kule. Nikamwambia wivu utamzeesha. Akaomba vile vikuukuu. Nimempa, na pole juu.

Alhamisi, 8 Juni
Nimevifunga. Vitatu vya upande wa pili vinazunguka kinyume: ukikaza, unalegeza. Nitazoea.
Dorotea, mke wangu, aliuliza vya zamani viko wapi. Nilipomwambia, akaendelea kumenya vitunguu. Nikakumbuka msimu ule wa pamba, wanawake wa Kirumba wakiacha dagaa juani waje kutusikiliza. Dorotea alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Nilikuwa nakaza uzi huku namtazama yeye. Ah, siku zile! Nimelia kidogo. Ni vitunguu.

Jumapili, 11 Juni
Aibu! Jana sauti ilishuka, nikakaza. Kumbe nalegeza. Nikakaza zaidi! Uzi ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hasira nikashika kifunguo cha upande wa kwanza, nikakizungusha kinyume kama nilivyojizoeza. Uzi wa pili nao ukalegea. Watu wakaanza kukaa.
Jonathan akaidaka solo. Kwenye gitaa lake, vifunguo vyangu vya zamani, vimelainika kwa mafuta. Hakuna uzi uliotikisika. Akapiga wimbo wetu wa kiwandani. Dorotea akainuka akacheza. Kiatu kikamtoka. Niliumia, na nilifurahi, sijui kipi zaidi.

Jumatatu, 12 Juni
Mama Gladness kaahirisha kinanda. Jonathan sasa ndiye solo, mimi rizimu.
Asubuhi kaja na vifunguo vyangu kwenye kitambaa. Kasema ni kumbukumbu ya shemeji, nivirudishe mahali pake, na solo nichukue. Dorotea alinitazama.
Nimekataa. Mwanamume harudi nyuma! Isitoshe, nimegundua kosa langu: vile vipya vilikuwa vidogo mno. Kuna duka linauza vya gitaa la besi, vikubwa kama vijiko. Kesho natoboa kichwa cha gitaa vienee. Jumamosi Dorotea atacheza tena, na safari hii atakuwa ananitazama mimi.