Ndimu Katika Maabara ya Nyuki

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mkataba wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Nikishindwa, narudi Usoke kwenye tumbaku ya baba. Kazi yenyewe: kuonyesha seli hai za nyuki zikimeza protini tuliyoipaka rangi. Rangi hii ina maringo. Nje ya seli imelala. Ikimezwa, ikakuta uchachu ndani, inawaka nyekundu. Seli za Octavian, mwenzangu, zinawaka. Zangu, kila nikichungulia, giza tupu. Kaniambia kwa upole nisikate tamaa. Simpendi mtu mpole.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata akili mgahawani. Mama Siwema alikuwa anakamulia ndimu mchemsho wa kuku. Rangi si inataka uchachu? Basi itaupata. Nikaomba ndimu moja, nikasingizia kikohozi. Maskini, akaniongezea na tangawizi.

Jumatano, 12 Machi
Wenzangu wakaenda kunywa chai. Haraka haraka nikakamulia ndimu kwenye kisahani changu cha seli. Nikachungulia kwenye hadubini. Nyekundu kila mahali! Nikaimba pambio. Advera wa stoo akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia ni neema ya Kwaresima.

Alhamisi, 13 Machi
Dokta Theodora, mkuu wetu, kakagua. Akauliza seli ziko wapi. Nikachungulia tena. Hakuna hata moja, maji matupu yanawaka. Ndimu nilikuwa nimeikamulia kwenye kisahani cha pembeni, chenye rangi tu, bila seli!

Akauliza nimetia nini. Nikasema ndimu. Nikaanza kuiona Usoke. Lakini yeye akacheka, akasema hatimaye kuna mtu amekumbuka kuijaribu rangi yenyewe kwenye uchachu, bila seli. Kisha akaweka kisahani changu halisi. Seli zangu zinawaka, vinukta vyekundu vizuri ajabu. Kumbe zilitaka muda wa kumeza, mimi nachungulia mapema. Akaongeza kwamba ndimu ingeziua zote. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku zote. Ahsante Mungu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepata mkataba, mwaka mzima. Nimempigia mama, tumelia kidogo. Nimekula wali mara mbili. Octavian kanipongeza kwa mikono miwili.

Mwezi ujao mmoja wetu, mimi au Octavian, atapeleka picha zake mkutanoni Arusha. Nimeulizia kinachoua uchachu. Jioni nikapita sokoni kununua magadi. Muuzaji akauliza kama napika maharage. Nikamjibu ndiyo, ya Octavian.