Alfabeti ya Stoo

Jumatatu, 3 Juni
Mzee wa stoo anastaafu Ijumaa. Tajiri, mwenye duka hili la vifaa vya ujenzi, atamkabidhi funguo mmoja wetu: mimi, au shemeji yangu, kaka wa mke wangu, asiyejua hata kupanga viatu vyake mlangoni. Mke wangu amesema yeye hana upande. Kisha akampakulia kaka yake minofu, mimi mchuzi.

Nimesoma ensaiklopidia ya jirani, ukurasa mmoja kwa siku kama kawaida yangu. Waandishi wa kale walikuwa na mamia ya michoro, nao waliheshimiwa kwa kuwa wengine hawakuweza kuisoma. Baadaye wakatokea watu wakachagua michoro michache tu, kila mmoja ukashika sauti moja: kichwa cha ng'ombe, nyumba, maji. Humo ndimo zilimotoka herufi. Ukurasa umeishia hapo. Umetosha. Nitabuni herufi zangu na kuzibandika kwenye kila boksi. Atakayetaka msumari atanipigia magoti.

Jumanne, 4 Juni
Kazi imekamilika. Jicho ni J. Maji ni M. Sufuria ni S. Lebo za zamani nimezibandua zote. Shemeji aliuliza hivi vidudu ni vya nini. Nikamjibu ni mfumo wa kisasa. Akasema hongera, shemeji, akaondoka akipiga mluzi. Mluzi ule sikuupenda.

Jumatano, 5 Juni
Jana kazi ilinizuia kusoma. Leo ukurasa wa pili: herufi hizo zilienea upesi kwa sababu zilikuwa chache na rahisi, hata mtu wa kawaida akazijua. Jambo kama hili huandikwa ukurasa wa kwanza.

Wapakiaji wamejifunza zote wakati wa chai. Wameandika ukutani kwa mkaa, kwa herufi zangu: MJUAJI HULALA STOO BAADA YA CHAI. Kwanza nilifurahi, maana hawakukosea hata mchoro mmoja. Tajiri akauliza pameandikwa nini. Nikasema ni maneno ya kumkaribisha mteja. Mpakiaji mmoja akamsomea, polepole, kwa kidole.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa ya moto ni moto. Wale wa kale nao waligeuza michoro yao: kichwa cha ng'ombe kilipinduliwa pembe chini, kikawa A. Basi yangu nimeilaza ubavu na kuipunguza mistari, wapakiaji wasiisome tena. Jicho limebaki duara. Sufuria nayo duara. Embe, duara. Si kitu. Mzazi hawapotezi wanawe sokoni.

Mke wangu amesema mimi na kaka yake ni paka wawili wanaogombea gunia tupu. Nimemwambia gunia lina funguo.

Ijumaa, 7 Juni
Tajiri ametupa mtihani. Kaja fundi seremala anataka bawaba, na atakayezitoa haraka ndiye mwenye stoo. Nikaanza mimi. Duara, duara, mstari, duara. Nikasema kwa sauti ya uhakika kwamba ni bawaba. Kufungua, brashi za rangi. Boksi la pili, gundi. Seremala akatafuta mahali pa kukaa.

Shemeji hata lebo hakuziangalia. Alitikisa boksi moja, akaweka sikio kama daktari, akatikisa jingine, akasema bawaba hizi hapa, fundi. Akapewa funguo palepale. Mimi nimeagizwa kurudisha lebo za zamani, chini ya usimamizi wake. Akanishika bega akasema pole, shemeji, masikio yangu hayakusoma sana, lakini yanasikia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari kwa utaratibu. Kosa si langu, ni la herufi. Ni chache mno, ndiyo maana kila mpita njia alizidaka. Dawa yake ni hii: kila kifaa kiwe na mchoro wake peke yake, mamia ya michoro, mambo ya sauti tuachane nayo. Nani ataweza kujifunza yote hayo? Sidhani kama kuna binadamu aliyewahi kuwaza hivi kabla yangu.

Nimeanza na misumari. Na maboksi yote nimeyajaza pamba, yasilie.