Plagi za Koito

Ovaroli ilikuwa ya fundi. Aliyekuwa ndani yake ni Kipkurui tu. Jumamosi moja ya Oktoba 1996, bonasi ya chai ikiwa bado ina joto mifukoni mwa watu, aliona Pijo nyeupe nje ya kanisa pale Silibwet, akajua Mungu hajamsahau. Gari lilikuwa limeoshwa hadi tairi. Nyuma kulikuwa na sukari, kreti mbili za soda na vibuyu vinne vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Hiyo haikuwa safari ya sokoni. Watu hao walikuwa wanaenda koito, kupatana mahari, na mtu anayeenda kuomba mke hana muda wa kubishana na fundi.

Mwenye gari, Mzee Chepyegon, alikuwa mkulima wa chai mwenye roho safi na shida moja. Wakwe wa Londiani walitaka ng'ombe sita, naye alikuwa nao watano. Leo alikuwa anaenda kubembeleza. Wasipoelewana, binti yao Chelimo angeozwa karani mmoja wa Nakuru, na bwana harusi mtarajiwa, Noah, kijana wa Mzee, alikuwa tayari ameacha kula.

Mchungaji alikuwa akiwaombea safari, na maombi ya huku kwetu si mafupi. Macho yakiwa yamefumbwa, Kipkurui aliingiza mkono dirishani, akafungua boneti, akalegeza waya wa plagi moja. Boneti aliifunga pamoja na ile "Amina" ya mwisho, ili mlio wake usisikike.

Pijo iliwaka ikikohoa.

"Simamisha, Mzee!" Kipkurui akatokea akifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Hiyo kukohoa ni plagi. Mimi husikia nikiwa mbali."

Akazitoa zote nne na kumwonyesha ncha zake. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na dereva anayejua gari lake atakuambia hiyo ndiyo rangi ya plagi yenye afya.

"Unaona hii rangi? Imeungua. Hii ni plagi ya Mombasa, ya watu wa joto. Kwa baridi ya huku itakuachia njiani."

"Hata mimi nilijua!" akasema Mzee Chepyegon, ambaye hakuwa amejua lolote.

Kipkurui akatoa mfukoni vijisanduku vinne vipya. Ndani yake mlikuwa na plagi kuukuu alizookota nyuma ya magereji, akazipiga msasa, akaziosha kwa petroli hadi zikang'aa. Akazifunga, akabana ule waya, na injini ikanguruma vizuri. Zile nzima alizitia mfukoni, akisema atazitupa mbali watoto wasichezee. Pesa ya Mzee nayo ikaingia mfuko wa pili.

"Kongoi, kijana," Mzee akashukuru.

Hapo ndipo Mama Noah, mwenye kitambaa chake kichwani, alipofungua mdomo.

"Iko na garantii?"

"Mwaka mzima, mama."

"Karatasi yake?"

"Karatasi ya nini? Garantii ni mimi mwenyewe."

"Basi ingia. Garantii inakaa ndani ya gari."

Kipkurui alicheka, akidhani ni mzaha. Lakini kukataa kungemfanya aonekane mwizi, na tena koito ina nyama. Akaingia. Alipanga kuteremka Kericho, ila Mama Noah alimkalisha safu ya tatu, na safu ya tatu ya Pijo haina mlango wake.

Kericho wakaipita bila kusimama. Kwenye mlima baada ya Kedowa, katika manyunyu, Pijo ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Ilikuwa saa tano na nusu, na walikuwa wameambiwa saa sita. Noah alishika kichwa. Mzee aliangalia boneti kwa huzuni ya kweli.

Kipkurui hakuwa na la kufanya. Akatoa mfukoni plagi za Mzee mwenyewe. "Bahati nzuri nilibeba seti yangu," akasema. "Hizi nilijiagizia."

Mama Noah alimshikia mwavuli. Kwenye boma lake kila kikapu cha chai kilipakwa doa la rangi ya buluu, kisichanganyike na vya majirani pale kituo cha majani. Na Mzee akishika brashi hajui kuacha: alikuwa amepaka jembe, mtungi wa maziwa, hata plagi. Mama aliliona doa hilo kwenye "seti" ya fundi. Angesema, Mzee angetoa rungu, na koito ingeishia hapo barabarani.

"Kaza vizuri, fundi," akasema tu.

Walifika saa sita na dakika tano. Fundi aliachwa jikoni na sahani ya nyama, wazee wakaanza. Ng'ombe watano walikubaliwa upesi. Wa sita alishikiliwa na Chemutai, shangazi aliyemsomesha Chelimo, na neno lake lilikuwa zito.

"Siondoi hata kwato," akasema. "Mimi niko na hasara. Pikapu yangu imelala wiki tatu, viazi vinaoza. Kijana wa ovaroli aliniuzia plagi pale Kericho, eti garantii ni yeye mwenyewe!"

Mama Noah akaweka kikombe chini. Akatoka, akarudi amemshika Kipkurui mkono, mdomo wake bado una mafuta.

"Ni huyu!" Chemutai akaruka. "Kumbe nyinyi mnatembea na wezi?"

Noah alihisi Chelimo akienda Nakuru.

"Hatutembei naye," akasema Mama Noah. "Wewe umemtafuta wiki tatu. Sisi tumekuletea hadi mlangoni, na spana zake."

Mzee mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, mwishowe Chemutai mwenyewe akapangusa machozi. Watu wa Chelimo wakatoka nje wakashauriana. Waliporudi, ng'ombe wa sita alikuwa amesamehewa. Pesa iliyokuwa kwenye ovaroli ikatumwa dukani kununua plagi mpya za pikapu, na Kipkurui angezifunga, kisha abaki kwa Chemutai apakie viazi na kupakua hadi msimu uishe.

Jioni Pijo iliwaka bila kikohozi. Kipkurui, gunia begani, alikimbia hadi dirisha la dereva.

"Mzee, kwani mnaniacha?"

Mzee Chepyegon, aliyekuwa ameelezwa yote sasa, alimpa mkono kwa heshima.

"Kijana, mahari hairudi nyumbani."