Hedifoni ya Waya Mliyonichagulia, na Kiti Changu cha Jumamosi

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Teknolojia.

Ndugu Mhariri,

Salamu zikufikie hapo mezani pako, wewe pamoja na yule mwandishi wako wa makala ya "Hedifoni za Waya kwa Wacheza Gemu Wenye Bajeti Ndogo". Naamini ni kijana mzuri, amelelewa na wazazi wazuri, na hajawahi kuvaa hedifoni hata siku moja.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililisikilizia dirishani. Lakini kwa habari ya hedifoni, Mhariri, usinifundishe. Nilikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na moja, enzi zile ambazo mtu akitaka kuongea na mji mwingine lazima apitie kwangu. Nachomeka waya, namuunganisha, nasubiri, nachomoa. Nimevaa hedifoni mpaka nywele zikaamua kutoota tena njia ile. Kazini waliniita Mzee Laini wakati hata ndevu sijapata.

Sasa kilichonileta kwako. Nina wajukuu watatu, watoto wa mwanangu wa kiume, na kila mmoja yuko mji wake. Mkubwa ni binti, anasomea uuguzi. Huyo ndiye Nahodha. Wa pili ni fundi wa magari, tunamwita Gia. Wa mwisho yuko kiwanda cha mikate, tunamwita Hamira, kwa sababu akiudhiwa anavimba. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana ndani ya gemu moja la kompyuta. Watu wanne wanaingia kwenye mji uliobomoka kutafuta sanduku, na watu wanne wengine tusiowajua wanatufyatulia risasi tusilipate. Timu ni ya wanne. Wajukuu ni watatu. Wa nne ni mimi. Ndiyo saa pekee katika wiki nzima ninapowasikia wote pamoja, wakigombana vilevile walivyokuwa wakigombania kiti cha dirishani nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita Nahodha akaniambia, "Babu, spika ya kompyuta yako inaturudishia sauti zetu. Kila mtu anajisikia mara mbili. Tafuta hedifoni, la sivyo tutakuweka nje kidogo." Nje kidogo! Mimi, niliyemsafisha pua huyo Nahodha kwa mkono huu. Ndipo nikafungua gazeti lako, nikafuata ushauri wenu neno kwa neno, na matokeo yake ni kwamba tumeshindwa Jumamosi tatu mfululizo. Leo ni Alhamisi. Mambo yasiponyooka kufikia keshokutwa, kiti changu anapewa babu yao wa upande wa mama, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye kabla ya kucheka anaangalia kwanza kama kengele imeshalia.

Kwa hiyo, kwa heshima zote na adabu nilizobakiwa nazo, malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika, "Chagua hedifoni inayokaa vizuri kichwani." Ahsante sana. Mimi nilikuwa nimepanga kuchagua inayokaa vizuri gotini. Nilikwenda dukani, dada muuzaji akanijaribisha sita. Ya kwanza ilinibana mpaka nikakumbuka majina ya wote niliokaa nao dawati moja darasa la kwanza. Ya pili iliteleza ikaniangukia shingoni, kwa kuwa kichwa changu hakina cha kuizuia. Ya tatu dada akaisifia, "Mzee, hii ina besi kali. Bomu likilipuka unalisikia kifuani." Nikamwambia, mwanangu, kifua hiki daktari ameshakikataza hata kupanda ngazi, sembuse kulipuliwa. Akacheka, akaenda kuniletea yenye besi zaidi.

2. Mmesema tutafute yenye "sauti ya pande saba nukta moja". Mhariri, nina masikio mawili. Nimeyahesabu mwenyewe, kisha nikamwomba mke wangu ayahesabu naye, maana mtu hapaswi kuwa hakimu wa kichwa chake. Mawili. Sasa pande tano zilizobaki anazisikia nani humu ndani? Na hiyo nukta moja ni ya nani? Kama ni ya jirani, aje achangie.

3. Taa. Hedifoni niliyoichukua inawaka nyekundu, kisha kijani, kisha zambarau. Makala yenu imezisifu hizo taa aya nzima. Lakini kifaa kiko juu ya masikio yangu, na macho yangu Mungu aliyaweka mbele. Anayefaidi ni mke wangu, aliyekaa nyuma yangu akishona vifungo, na yeye alichosema ni kwamba amechoka kuishi na duka la vipodozi.

4. Hapa sina lalamiko, ila nimeona nikitoka tatu kwenda tano utadhani sijui kuhesabu.

5. Mmeandika, "Chomeka, anza kucheza." Maneno matatu tu, Mhariri, kwa kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja! Hedifoni ilikuja na pini moja. Kompyuta yangu, ambayo ni ya umri wa Hamira, ina matundu mawili, moja la kusikilizia na moja la kusemea. Nikichomeka huku nasikia ila sisemi, nikichomeka kule nasema ila sisikii, hali ambayo mke wangu anasema ameizoea. Nikarudi dukani. Dada akaniambia bila aibu, "Ah, mzee, hapo unahitaji kile kiwaya cha kugawa njia. Kinauzwa peke yake." Nikakinunua, ila ni sawa na kuuziwa suruali ya mguu mmoja, halafu uambiwe mguu wa pili uko kabati lile pale. Mwandishi wako alikuwa na kurasa mbili. Alishindwa nini kusema, wazee, tazameni kwanza kompyuta zenu zina matundu mangapi?

6. Hili ni zito. Kazini kwetu hedifoni ilivaliwa sikio moja tu, la kushoto. La kulia liliachwa wazi kumsikiliza msimamizi, mama mmoja aliyekuwa akipita nyuma yetu na viatu visivyolia, na ole wako akuite usiitike. Basi na hii nimeivaa hivyohivyo, kushoto ndani, kulia nje. Sasa gemu lenyewe linataka usikie nyayo za adui zinatokea wapi. Jumamosi tatu nimepigwa risasi kutoka kulia tu. Gia anapiga kelele, "Babu, geuka! Wapo upande wa pili!" Mimi nageuka, namkuta mke wangu anatia uzi kwenye sindano. Nimeisoma makala yenu mara tisa. Hakuna mahali mlipoandika kwamba hedifoni huvaliwa masikio yote mawili. Mnaandikia watu wa bajeti ndogo; mngejua hata masikio tunayatumia moja moja, kwa kubana.

7. Na hili linaniuma zaidi. Kwa opereta, mazungumzo ni dakika tatu. Zikitimia, unawaambia wenye simu, unachomoa, na wengine nao wapate njia. Mkono wangu umeshazoea, hauniulizi. Jumamosi ya pili Hamira alikuwa amelipata sanduku, amejificha nyuma ya ukuta, ananong'ona, "Babu, nikinge! Babu, wanakuja!" Nami nilikuwa tayari kabisa kumkinga. Lakini dakika tatu zikatimia. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Muda wenu umekwisha, ahsanteni kwa kutumia huduma zetu," na mkono ukachomoa pini. Nilipoirudisha, sanduku halipo, Hamira hayupo, na kule kiwandani inasemekana alivimba mpaka jioni. Najiuliza, ilikuwa kazi gani kwa watengenezaji kuweka kikufuli kidogo kwenye pini, kwa ajili ya watu waliolitumikia taifa?

8. Maiki. Mmesema "inachuja kelele za nje". Ni kweli inachuja. Inamchuja mwenye hedifoni. Ushahidi ninao hapahapa. Leo, kwa mara ya kwanza, tulikuwa na mazoezi ya katikati ya wiki; yalipokwisha Nahodha akasema tupumzike nusu saa bila kutoka kwenye gemu, kisha turudie. Nikachukua kalamu. Ninakuandikia haya kifaa kikiwa kichwani, pini ikiwa tunduni, na tangu nianze nimeita "haloo" mara tatu. Hakuna aliyenijibu. Kimya kabisa, kimya cha waya uliokatika, na kimya cha namna hiyo mimi nakitambua kabla hujanieleza.

Sasa nifuate polepole. Kama maiki imekufa leo, basi ilikuwa imekufa na zile Jumamosi tatu. Kama ilikuwa imekufa, hakuna aliyenisikia. Na kama hakuna aliyenisikia, basi hata ule muda niliowatangazia umekwisha haukuwahi kutangazwa, na sanduku lilipotea lenyewe. Wala sikuwahi kusema kwamba Mwalimu Mkuu, siku alipokuja kujaribiwa kwenye kiti changu, aliwasalimu maadui akawataka wapange mstari. Mimi ni msafi. Mwenye kosa ni hedifoni. Mwenye hedifoni ni duka. Lililonipeleka dukani ni gazeti. Na mwenye gazeti ni wewe, ndugu yangu, uliyekaa hapo unakunywa chai.

Maombi yangu ni madogo. Kwanza, mkanushe makala ile ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa kama zile mnazotumia bei zikipanda. Pili, iundwe bodi ya maopereta wa simu wastaafu, tuko kumi na moja tuliobaki na wanane kati yetu bado tunasikia, na hedifoni yoyote isiuzwe mpaka tuivae wiki nzima, sikio la kushoto. Tatu, uchunguzi ukiendelea, hedifoni zote za waya za bei nafuu ziondolewe madukani na magemu yote nchini yasimame, isipokuwa letu. Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko hayo yote ingawa nimeliweka mwisho kwa adabu, umwandikie Nahodha barua rasmi, yenye mhuri, kwamba babu yake hana kosa na kiti cha nne kibaki kwake. Mhuri uwe wa duara. Yule binti mihuri ya mstatili haiheshimu.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, mfagizi, yule anayechora katuni asiyejua kuchora pua, na mwandishi wako mwambie simchukii, ila asipite mtaani kwetu.

Ni mimi, katika utiifu wa muda,

Mzee Laini,
Opereta wa Simu Mstaafu.

Nyongeza chini ya sahihi: Mhariri, barua hii usiichapishe. Nilipomaliza tu kutia sahihi nikasikia sauti ya Nahodha sikioni: "Babu, tunakusikia tangu 'Ndugu Mhariri'." Kumbe mimi siwezi kuandika bila kutamka, huko shuleni tuliandika kwa sauti, na darasa la kufunga mdomo sikulifikia. Maiki ni nzima. Imepitisha kila neno, hata nililolifuta. Wao walikuwa wamezima maiki zao ili wacheke vizuri. Gia aliniweka kwenye spika ya gereji, na kuna mteja aliyekataa kuondoka na gari lake mpaka nimalize namba nane.

Mwalimu Mkuu naye alikuwemo. Walimuunganisha kwa simu yake ajue Jumamosi inakwendaje, na amesikia yote, ya kengele na ya mstari. Nikajiandaa kuchapwa. Akakohoa, akasema, "Mzee mwenzangu, mimi sanduku hilo silitaki. Nyumba yangu imenyamaza mno siku hizi. Nilitaka tu niwasikie hawa watoto wakigombana." Nikamwomba radhi, na mke wangu ameandika tarehe ukutani.

Nahodha ameamua: mzunguko wa kwanza nacheza mimi, wa pili anacheza Mwalimu, na asiyecheza anasikiliza bila kutangaza muda. Sasa Mwalimu anahitaji hedifoni. Nimemwambia achukue ya waya, ya bei nafuu, hiihii yangu, maana kwa pesa yetu wazee hakuna inayoishinda. Kwa hiyo, Mhariri, nitumie tafadhali nakala moja ya makala yenu ile kabla ya Jumamosi. Yangu niliichana kwa hasira, na huyu ni mwalimu: hagusi kitu dukani mpaka akisome kwanza.