Balozi wa Isalalo na Askari Kumi na Mmoja

Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye pikipiki, Kijiji cha Isalalo kilitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo kina Sera ya Mambo ya Nje. Wananchi waliombwa wawe watulivu. Walikuwa watulivu tangu mwezi uliopita, visima vilipokauka, maana mtu mwenye kiu hana mate ya kupigia kelele.

Nje yenyewe ilikuwa Mwisole, kijiji cha jirani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Tabora. Mwisole walikuwa na lambo lenye maji. Isalalo walikuwa na ofisi yenye bendera. Wiki iliyotangulia vijana wa pande mbili walipigana kwa ndoo pale lamboni, na mmoja akashonwa nyuzi saba kichwani.

Jambo hilo lilimnyima Veneranda usingizi. Alizaliwa Mwisole, akaolewa Isalalo. Aliyeshonwa alikuwa mtoto wa kaka yake. Aliyempiga, Valentino, alikuwa mdogo wa mumewe. Kwa hiyo alipoitwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Raymundi, alijua anakwenda kulaumiwa na ukoo mmoja kwa niaba ya mwingine.

Raymundi alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, lakini cheo nacho kina umri wake, hivyo alisubiri aamkiwe.

“Shikamoo, mtendaji.”

“Marahaba. Nimekuteua uwe balozi.”

“Lakini balozi wetu ni Mzee Abbasi.”

“Huyo ni wa nyumba kumi. Wewe ni wa nje. Utakwenda Mwisole kuomba maji.”

“Hilo hata jana ningekwenda kulisema.”

“Jana hukuwa na jeshi,” alisema Raymundi, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Alikuwa ametoka Nzega kwenye semina ya siku mbili. Huko alijifunza kwamba diplomasia isiyo na nguvu nyuma yake ni kubisha hodi tu. Mkutano wa kijiji ulipoitwa, akaongeza ushahidi wa historia. “Misafara ya mababu ilipita hapa na bunduki. Nani aliwanyima maji?”

“Hawakunyimwa kwa sababu walitoa hongo,” alisema Mzee Abbasi.

“Katibu, hilo usiliandike.”

Jeshi lilikuwa mgambo kumi na mmoja, akiwamo kamanda wao, Lugembe. Sare zilikuwa nane, kwa hiyo watatu wasio nazo waliwekwa katikati. Bunduki ilikuwa moja. Risasi zilitunzwa Tabora mjini kwa usalama wa raia na, kama Kamanda alivyokiri, wa mgambo wenyewe. Valentino alikuwa mmoja wa wale wa katikati.

Waliondoka Jumatano kabla hakujapambazuka vizuri. Balozi mbele, mtendaji katika suti nyuma yake, na jeshi hatua ishirini nyuma ya mtendaji. Huo ndio umbali wa kidiplomasia: karibu kiasi cha kuonekana, mbali kiasi cha kukanwa. Suala la chakula cha jeshi lilikuwa kwenye mchakato.

Walipofika, watu wa Mwisole walikuwa lamboni wakizoa tope ili lambo lihifadhi maji mengi mvua zikianza. Pembeni masufuria makubwa ya makande yalikuwa yakichemka. Mwenyekiti wao, Mama Zamda, alijifuta mikono kwenye kanga.

“Karibu nyumbani, mwanangu Veneranda. Na hao nyuma?”

Veneranda alikuwa amefundishwa jibu. “Ni wasindikizaji, mama.”

“Wamekula?”

Swali hilo halikuwamo kwenye ajenda. Raymundi akalipita. “Mheshimiwa mwenyekiti, tumekuja kwa amani. Hata hivyo, nakuomba uangalie nyuma yangu.”

Mama Zamda akaangalia. Raymundi naye akaangalia. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi mmoja. Jeshi lilikuwa limezunguka masufuria, na Kamanda alikuwa ameshika kijiko.

Sasa Unyamwezini mtu hali chakula cha watu walio kazini kisha akajifuta mdomo aende zake. Waliposhiba, mgambo waliona haya, wakashika majembe. Veneranda alimwona Valentino amesimama mbele ya kijana mwenye bandeji kichwani, macho chini, akisema maneno ambayo hayakumfikia Veneranda.  Kijana akamsukumia karai. Wakalinyanyua pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

 “Mama,” alisema Veneranda, bila kumtazama mtendaji, “ninyi peke yenu hammalizi tope hili kabla ya mvua. Tupeni maji, tutawapa mikono.”

“Haya,” alisema Mama Zamda. “Kila atakayekunywa, achimbe siku tatu.”

“Tumekubali,” alisema Veneranda.

“Isipokuwa uongozi,” alisema Raymundi.

“Kwani uongozi haunywi?”

Raymundi aliona kwamba mazungumzo yamefika pale semina iliposema yatafika. Akavuta pumzi, akapaza sauti. “Kamanda! Nguvu nyuma ya mkataba!”

Kamanda Lugembe alikuja mbio na watu wake wote kumi, wameshiba, wametapakaa tope mpaka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu wapate mafunzo walipanga mstari ulionyooka. Akapiga saluti. Akamkabidhi mtendaji beleshi.

“Mkataba unasema siku tatu, mkuu. Tutasimama hapa kuhakikisha.”

Taarifa iliyopelekwa wilayani ilieleza kwamba mtendaji alilishughulikia suala la maji kwa kina, na kwamba jeshi lilionesha nguvu zake zote. Haikutaja lilimwonesha nani.